Taa Mbili Nilizozipeleka Ntoto

Nilipofunga safari ya kutoka Goma kwenda Ntoto nilichukua, pamoja na nguo chache na koti la mvua ambalo baadaye nililishukuru kila siku, sanduku la bati lenye taa mbili ndogo za jukwaani, betri yake, na nyaya zilizoviringwa kwa taadhima ambayo mtu asiyeijua kazi yetu angedhani ni ya kuhifadhia mikufu ya dhahabu. Kwa zaidi ya miaka ishirini riziki yangu imetoka katika kuwasha na kuzima. Nikiulizwa shughuli yangu nasema mimi ni fundi wa taa, naye mwulizaji aghalabu hudhani natandaza nyaya majumbani, akaanza kunieleza habari za swichi yake inayotoa cheche. Simlaumu, kwa kuwa kuangazia ngoma, mchezo wa kuigiza au vitu vya makumbusho ni kazi ambayo ikitendwa vyema haionekani: watazamaji huenda zao wakimsifu mwimbaji, au mchezaji, au mchonga kinyago, wala sijapata kumsikia hata mmoja akitoka ukumbini akisema kwamba usiku ule kivuli kilikaa mahali pake.

Nilizaliwa Unguja, mji ambao umeme uliingia kwa mlango wa fahari. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo lililokuwa la kwanza kisiwani kuwashwa taa za umeme, na nyanya yangu, aliyehadithiwa na nyanya yake, hakukubali kabisa kwamba ajabu iliyolipa jumba lile jina lake ilikuwa ni ukubwa wa nguzo. Kwake yeye ajabu ilikuwa ni taa isiyotiwa mafuta. Lakini nuru iliyonilea mimi ilikuwa ya karabai. Ilitundikwa juu ya mti penye ngoma au maulidi, ikipigwa pampu hadi ikavuma kama nyuki, nasi watoto tukishindana kukaa pale ambapo vivuli vya wachezaji vilitupita usoni. Baharini nako, usiku usio na mwezi, tuliziona karabai za wavuvi zimejipanga kwenye upeo kama mji mwingine, zikiwavuta dagaa. Dagaa hufuata taa bila kuuliza imewashwa na nani, kwa nia gani. Nilipokuwa mkubwa na kuingia katika kazi hii niliona kwamba binadamu hatofautiani naye sana, na wengi wa mafundi wenzangu hilo tu ndilo walilolijua na ndilo walilolitumikia.

Shule yangu ya kweli ilikuwa Ngome Kongwe. Ndani ya kuta zile, walizozijenga Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa, hufanyika tangu mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara, na pale ndipo nilipojifunza jambo la kwanza ambalo hakuna kitabu kilichokuwa kimeniambia likaniingia, nalo ni kwamba ukuta wa matumbawe ukiangaziwa usoni kwa taa kubwa iliyosimama mbele yake hugeuka karatasi, hauna umri wala mwili. Ilhali taa ndogo ikiwekwa chini kabisa ya ukuta ule ule, ikatazama juu, kila tundu na kila mwatuko hutoa kivuli chake, na mawe yaliyokaa pale karne tatu yakaonekana yamekaa pale karne tatu. Nuru ya kwanza ilikuwa kubwa mara kumi kuliko ya pili, ila ilionyesha machache.

Ningeishi na elimu hiyo kwa raha kama si usiku mmoja, katika tamasha nisilolitaja na mji nisioutaja, jenereta ilipokata roho katikati ya wimbo. Mwimbaji alikuwa mwanamke wa makamo. Hakusimama. Aliimba bila kipaza sauti, juu yake mwezi wa siku ya kumi na mbili, na watu elfu kadhaa waliokuwa wakipiga kelele tangu magharibi wakanyamaza wakamsikiliza kama watu wa nyumba moja. Jenereta iliporudi nikawasha taa zangu zote kwa furaha ya mtu aliyeokoka aibu, na papo hapo kelele zikarudi. Sahibu yangu mmoja akaniambia kwa mzaha kwamba nusu saa iliyokuwa nzuri kupita zote usiku ule ndiyo niliyokaa bila kazi. Nilicheka naye, kisha sikulala.

Sahibu huyo ni mtu wa Walikale, Mnyanga kwa kabila, fundi wa sauti, na ndiye aliyenialika Goma. Mji ule ulikuwa na tamasha lake liitwalo Amani, lililoanza Februari mwaka 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, mahali ambapo vijana walikaa tangu mchana wakingojea wanamuziki wa nchi za Maziwa Makuu na wa kutoka mbali zaidi. Nilitazama taa zao kwa jicho la fundi, yaani jicho la husuda, nikaona mambo ya kusifu na mengine ya kunyamazia. Miali ilirushwa kwenye nyuso za watazamaji mpaka wakajifunika kwa viganja. Ni tabia iliyoenea siku hizi kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa, nayo hunikera kuliko nyingine: mwenyeji gani huwakaribisha wageni kwa kuwamulika macho?

Usiku wa mwisho tulipanda ghorofani tukatazama kaskazini. Nyiragongo ilikuwa imewasha, na chini ya wingu lake mbingu ilikuwa nyekundu, wekundu usiotulia, ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Mlima huo umeutisha mji mara kadhaa. Mwaka 1977, na 2002, na tena Mei 2021, moto wake uliteremka hadi kwenye maskani za watu. Nilisema, kwa upumbavu wa kazi yangu, kwamba sijapata kuona taa ya nyuma iliyo nzuri kama ile. Sahibu yangu hakujibu upesi. Kisha akasema kwamba wazee wa kwao, Wanyanga, huwaweka wafu na miungu katika matundu ya milima hiyo, na kwamba mungu wa moto huitwa Nyamurairi. Tena akasema kwamba nikitaka kujua taa ni nini niache kuzitazama jukwaani, nifuatane naye Ntoto, kwa mjomba wake mkubwa anayejua visa vya Mwindo.

Jina la Ntoto halikuwa geni kwangu, lakini halikunifikia kwa njia ya hadithi. Kila asomaye tarehe ya Kivu hulikuta mapema: tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa sokoni Ntoto, na kutoka soko lile mauaji yakaenea Walikale na Masisi kwa miezi, jirani akimkimbia jirani. Nililitaja neno hilo, naye akaniambia tu kwamba sokoni tutapita.

Tulitoka Goma alfajiri, tukapita juu ya mawe meusi ya moto uliopoa, vijana wakiteremka na chukudu zao, baiskeli za mti za kusukuma, zilizobeba makaa na kabichi, hadi Sake, na kutoka Sake barabara ikaanza kupanda. Masisi ni nchi ya majani, ya ng'ombe waliosimama kwenye miteremko ambayo mtu angeiogopa, na ya jibini ambayo tulinunua duara zima tukala kwa siku tatu. Baada ya hapo gari lilitushinda, tukapanda pikipiki. Pikipiki nazo zilipozama kwenye tope tukashuka tukaenda kwa miguu, kijana mmoja amejitwika sanduku langu kichwani bila kuuliza lina nini. Majani yakaisha. Msitu ukaanza, na pamoja nao nuru ya namna nyingine, ya kijani, inayoteremka kwa matone kama maji yachujwayo, ikikuonyesha jani moja mbele yako na kuficha mti mzima ulio nyuma yake. Sitayaeleza mateso ya njia. Vizuizi vilikuwa vingi, na waliovisimamia hawakuwa wa bwana mmoja.

Tulifika saa za jioni. Nilimwamkia mwenyeji wetu "Shikamoo", kama nilivyolelewa, na watoto wote wa nyumba wakacheka kwa sababu neno hilo kwao ni la kwenye redio, mzee akacheka nao, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Jambo sana, baba. Karibuni. Mumechoka." Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye macho yaliyoingia ndani. Sahibu yangu alipomweleza kwamba nimekuja kusikia karisi, akakataa kwanza kwa adabu, akasema yeye si shekarisi, kwamba mashekarisi wenyewe wamekwisha, na kwamba yeye alisikia tu kwa babu yake akashika vipande. Niliamini kukataa kwake kwa kuwa ndivyo wanavyokataa wajuzi wote ninaowajua.

Karisi, kwa wasioijua, ni utenzi mrefu wa Wanyanga, unaoimbwa, kusemwa, kuchezwa na kuigizwa na mtu mmoja, shekarisi, huku vijana wakimpigia fimbo juu ya mti kwa mwendo. Mashuhuri kupita zote ni ile ya Mwindo, mtoto aliyezaliwa akisema na kutembea, ambaye baba yake Shemwindo alikuwa amewaamuru wake zake saba wasimzalie ila wasichana. Akatiwa ndani ya ngoma akatupwa mtoni, akarudi, akamfuata baba yake hadi kuzimu. Mwaka 1956 shekarisi aitwaye Rureke aliwaimbia mtaalamu wa Ubelgiji, Daniel Biebuyck, na wasaidizi wake Wanyanga karisi hiyo kwa mfululizo wa siku 12, na maneno yake, pamoja na tafsiri aliyoifanya Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, yakachapishwa Marekani mwaka 1969. Nimekisoma kitabu hicho. Ni kazi adhimu, na laiti tungekuwa na kumi kama hicho kwa kila lugha yetu. Lakini hakuna mchapaji aliyejaliwa kupiga chapa mwali wa moto.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa langu. Barza ya mzee ilikuwa nyumba ya mianzi na udongo, moto katikati, watu wapatao arobaini wamejipanga ukutani, na mimi nikafungua sanduku langu mbele yao kama mganga. Niliifunga taa moja kwenye nguzo ya kulia, nyingine ya kushoto, kila moja kwa nusu ya pembe mraba kutoka usoni mwa mzee, moja ya rangi ya joto na moja ya rangi ya baridi, kwa kanuni aliyoiandika Stanley McCandless wa Yale mwaka 1932, ambayo imelisha mafundi wa dunia nzima, na mimi mmoja wao. Nikawasha. Watoto wakashangilia. Nilimwona mzee vizuri sana: mikunjo ya shati lake, ndevu zake, kovu dogo juu ya nyusi. Niliona pia mianzi yote ya ukuta, masufuria, dumu la maji la manjano, na kalenda ya chama fulani cha siasa ambayo tangu hapo haikutaka kuniacha.

Mzee alianza, akasimama. Akajikinga macho. "Hii taa yako iko na nguvu," akasema taratibu, "lakini haiko na akili. Inanipiga macho, mi siwaone watu." Niliishusha kidogo. Akaanza tena, kisha mtu mmoja aliyekaa karibu na mlango akamnong'oneza neno, naye akanyamaza, akaja akanishika mkono. "Kuja, tutoke inje, uone."

Tulipanda mteremko hatua kama mia mbili. Aliponigeuza niliona kijiji kizima kimelala gizani, na katikati yake nyumba moja iliyokuwa ikitoka mwanga kwa kila ufa wa mianzi, kwa mlango, kwa paa, miali mirefu myeupe imekata ukungu kama sindano, hadi kwenye miti ya ng'ambo. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, jukwaani ningelipwa kwa picha ile. Mzee akasema, kwa sauti isiyo na lawama, "Weye unaangalia kwenye taa inapiga. Sisi tunaangalia mahali inatokea." Akanieleza, sahibu yangu akijazia, kwamba katika miaka ya vita moto wa usiku ulikuwa ni kuwaita watu wenye bunduki, na kwamba kulikuwa na misimu mizima ambapo hadithi zilisemwa bila moto, kwa kunong'ona, watoto wamewekewa mkono kinywani. "Tulikuwa tunasema polepole, mu giza. Hata Mwindo alikuwa ananong'ona."

Sisi mafundi wa taa tuna ugonjwa ambao tunaujua na kuuzungumza: mwanga uliomwagika. Ni ule unaopita pale ulipotakiwa ukatua juu ya pazia, juu ya kichwa cha mpiga kinanda, juu ya mlango wa dharura. Tuna vibati vya kuuzuia, mbawa nne mbele ya kila taa, na fundi hodari hujulikana kwa jinsi anavyozikunja mbawa zake. Miaka ishirini nilizikunja ili picha ipendeze. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo mwanga uliomwagika hulipiwa kwa roho za watu.

Nilizima taa zote mbili, na tukakaa. Jicho la mwanadamu linahitaji kama nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mweko mmoja wa simu hulirudisha mwanzo. Kwa hiyo kwa muda mrefu hatukuona ila makaa, na hakuna aliyelalamika wala aliyetoa simu. Kisha mambo yakaanza kutokea moja moja: goti, ukingo wa ngoma, meno ya mtu anayecheka. Kalenda ilitoweka. Naye mzee akaanza mara ya tatu, kwa Kinyanga, lugha nisiyoijua, sahibu yangu akinidondoshea maana sikioni sentensi moja kwa kumi, na kwa sababu hiyo nilipata bahati ambayo wenyeji hawana: sikuwa na la kufanya ila kutazama moto.

Karibu na moto alikaa mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi, mjukuu wa mzee, amezungukwa na kuni alizozipanga mafungu matatu. Nilidhani amewekwa pale kwa sababu ya baridi. Baada ya dakika chache niliona kwamba alikuwa mwenzangu. Fungu moja lilikuwa la magogo mabichi, yanayotoa moshi na wekundu mdogo. La pili la vipande vikavu vilivyopasuliwa vyembamba, vinavyowaka mara moja na kufa mara moja. La tatu halikuwa kuni, bali vibonge vya utomvu mkavu wa mti wa msituni, wa jamii ambayo wataalamu wa miti huiita Canarium. Mtoto alipotia kibonge cha kwanza, mwali mrefu wa manjano ulisimama wima, na barza ikajaa harufu ambayo mimi, mtu wa Unguja, niliijua tangu tumboni: ubani. Nilikuwa nimesafiri majuma mawili kuja kukutana na chetezo cha nyumbani.

Mtoto hakuambiwa neno. Aliijua hadithi. Shemwindo alipokuwa akitoa amri yake, alisogeza gogo bichi, na nyuso zetu zikaingia gizani pamoja na wake wale saba. Mwindo alipozaliwa aliweka vipande viwili vikavu, si zaidi. Na ilipofika pale ambapo Mwindo anamwita Nkuba, mwenye radi, aushukie mji wa baba yake Tubondo kwa umeme mara saba, mtoto alishika vijiti vikavu kwa mikono miwili akavitupa, na moto ukaruka, na kabla haujatulia akavipiga kwa gogo ukafifia, akavitupa tena. Nilihesabu. Nina uhakika wa mara tano; ya sita na ya saba nilikuwa nimesahau kuhesabu.

Mzee naye alikuwa na ustadi wake, na huu ndio uliopindua elimu yangu zaidi. Sisi tuna kifaa cha kupandisha na kupunguza nguvu ya taa, na waimbaji wetu husimama palipowekwa alama ya utepe sakafuni wakingoja mwanga uwajie. Yeye aliuendea mwanga. Kanuni ya maumbile ni kwamba taa ikiwa mbali maradufu nguvu yake hubaki robo, na ikikaribia kwa nusu nguvu yake huwa mara nne; kanuni hiyo mimi niliikariri shuleni, mzee aliijua kwa nyayo. Alipokuwa Mwindo alisimama hatua moja kutoka motoni, uso wake ukawaka. Alipokuwa baba, aliyejificha kuzimu, alirudi hatua mbili tu, na tayari alikuwa sauti bila mtu. Alipotaka kututisha aliuinamia moto hadi vivuli vikampanda kutoka kidevuni kuelekea kwenye nyusi. Walimu wangu walinikataza taa ya kutoka chini wakisema huharibu sura ya binadamu, na wana haki, kama unalotaka kuonyesha ni binadamu.

Nilifikiri pia juu ya ngozi. Taa zilizotengenezwa kwa kuzizoea nyuso nyeupe hutaka kumjaza mtu mwanga kutoka mbele, na sisi weusi zikitujaza hivyo hutufanya kijivu kama majivu ya jana. Ngozi yetu haiombi kujazwa. Mwanga ukiijia kwa ubavu hung'aa kwenye mfupa wa shavu, kwenye bega, kwenye jasho la paji, na umbo lote likajichora kwa mistari michache. Moto wa Ntoto, wenye rangi nyekundu kuliko taa yoyote niliyonayo sandukuni, ulimchora mzee hivyo hivyo usiku kucha, bila fundi kupanda ngazi.

Miaka kadhaa baadaye nilikumbuka usiku huo nikiwa Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya kufungwa miaka mitano. Nilikuwa nimesimama mbele ya vitu vya Walega, majirani wa Wanyanga, ambao chama chao cha Bwami kina vinyago vidogo vya mti vilivyopakwa udongo mweupe na sanamu za pembe zilizolainishwa kwa mafuta na mikono ya vizazi. Mwangaza wa pale ulikuwa wa adabu na wa kitaalamu. Vitu vyenye nyuzi na manyoya havipaswi kupewa zaidi ya lux 50, kwa kuwa nuru hula, na nilimheshimu fundi asiyejulikana aliyepima. Lakini taa ilitoka juu, imesimama, na sura ile ndogo nyeupe ilikuwa imekaa kimya kama mtu aliyepigwa picha ya pasipoti. Nilielewa papo hapo udongo mweupe ulikuwa wa nini, au angalau sababu moja kati ya nyingi ambazo si zangu kuzijua: katika nyumba yenye moto mmoja, cheupe ni taa ya pili. Na mafuta juu ya pembe hukamata mwali unaocheza, na pembe ikacheza nao. Nilitazama huku na huku, mlinzi alipogeuka nikawasha tochi ya simu na kuipepesa kutoka chini, kwa ubavu, kama mtoto wa kuni. Sekunde tatu. Midomo ilisogea, nitaapa. Mlinzi akarudi akanionya kwa Kifaransa, akiwa na haki kabisa.

Ulaya wenyewe walitoka motoni si zamani sana. Savoy, ukumbi wa michezo wa London, ilikuwa jengo la kwanza la hadhara kuwashwa umeme mtupu, mwaka 1881, kwa taa 1,200 hivi, na mwenye ukumbi, D'Oyly Carte, alipanda jukwaani akaifunga taa inayowaka kwa kitambaa chepesi, akaivunja, akawaonyesha watu kwamba kitambaa hakikuungua. Watu walishangilia sana. Walikuwa wameishi na hofu ya kumbi za gesi zinazoteketea na watazamaji ndani, na siwezi kuwacheka. Mimi mwenyewe, nikipewa mianzi mikavu, watu arobaini na mlango mmoja, kwa kanuni za kazi yangu nisingeruhusu moto ule hata dakika moja. Mzee alikuwa ameweka mitungi miwili ya maji nyuma ya watu. Niliiona siku ya pili.

Siku hiyo ya pili nilishinda nikifanya kazi. Niliomba kopo la bati la unga wa maziwa, nikalitoboa, nikaifunga taa moja ndani yake ikitazama chini, ndani ya chungu kilichovunjika shingo chenye majivu, mwanga usipate pa kutokea ila kwa kurudi juu kutoka kwenye majivu, umepoteza weupe wake njiani. Magharibi nilipanda mteremko peke yangu nikatazama. Nyumba haikuonekana. Nilishuka nikaupanda tena, kwa kuwa sikujiamini.

Usiku mzee alikitazama chungu changu kilichokaa pembeni, nyuma ya wapiga fimbo, kikiwapa migongo yao mstari mwembamba tu ili wasijikwae. "Leo imejifunza kukaa," akasema, wala hakuitaja tena. Hadithi ilikuwa imefika mbali: Mwindo sasa ni mwami, amemuua Kirimu, dude la msituni, ambalo kwa jina naamini ni ndugu wa zimwi letu la pwani, na kwa kuwa Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, Nkuba amekuja kumchukua mwuaji juu mbinguni ateswe na Mvua, na Mwezi, na Jua, na Nyota, mwaka mzima, bila moto wa kuota, yeye aliyejisifu duniani.

Betri yangu ilikwisha nadhani kwenye Mwezi. Hakuna aliyegeuka. Mzee aliendelea, akitetemeka kwa baridi ya mbinguni, meno yakigongana, na moto nao ulikuwa ukishuka, kutoka manjano hadi nyekundu, kutoka nyekundu hadi rangi ile ya chini kabisa ambayo sina jina lake kwa lugha yoyote, mpaka uso wake ukaondoka, kisha mikono, ikabaki sauti ya Mwindo inayoomba kurudi nyumbani. Nilivutiwa na ujasiri wa mtoto yule, kuthubutu kuuacha moto ufe mahali pale. Nikainama kumtazama. Alikuwa amelala, kichwa juu ya goti la mama yake, kipande kikavu bado mkononi, na mama alikuwa amemfunika mkono wake kwa mkono wake ili asikiangushe.